Supu ya Rangun

Jumatano, 3 Julai 1946

Leo mishikaki ya Keko. Nimeinunua nikitoka ghalani, muuzaji kaifunga kwenye jani la mgomba, mafuta yamenichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimetembea mbio isije ikapoa. Bi Hawa kachukua kipande kimoja. Katafuna, katafuna. Halafu kakitema kiganjani na kukisukuma chini ya mkeka, akidhani sioni.

Iliyobaki nimekula mie. Laini, ina ndimu na pilipili ya kutosha. Nimekula kwa hasira.

Jana ilikuwa mihogo ya kuchoma. Juzi supu ya pweza, nimeifuata Msasani na kuirudisha Temeke ndani ya birika. Hakuna alichomaliza. Kila alfajiri mwanamke huyu anakaanga na kuuza vitumbua barabarani, watu wanalamba vidole. Yeye mwenyewe anashinda kwa chai kavu. Kanga inamzunguka kiunoni na kubaki.

Alhamisi, 4 Julai

Zena kanisimamisha uani. Ni jirani yetu, mjane, anauza bajia za kunde. Kasema mfungo uko karibu, mwezi ukiandama tu. Bi Hawa atafunga. Hata akiambiwa mgonjwa ana ruhusa, atafunga.

"Na kwa hali ile, Yohana, sikukuu haioni."

Kasema huku anapepeta kunde, bila kunitazama. Mie Mkristo wa Tabora, sasa nauwazia mwezi kuliko wao.

Jumamosi, 6 Julai

Sijafanya lolote leo. Nimelala chali kitandani kwa Athumani, mwenzangu wa vitani, natazama makuti.

Kitanda chake, chumba chake. Nilikuja hapa kwa siku moja tu, kumletea mama yake sanduku la marehemu. Kesho yake ningepanda treni kwenda kwetu. Bi Hawa alilipokea sanduku, akaliweka uvunguni bila kulifungua. Halafu akachukua nguo zangu chafu akazifua. Mie sina mama tangu nikiwa mdogo. Nilikaa. Sikuomba kukaa na yeye hakunikaribisha. Nilikaa tu, nikapata kazi ya kupima magunia Keko, na masika yakapita.

Tabora yuko kaka yangu na mkewe. Sitaki kwenda. Wataniuliza habari za Burma, na itanibidi nicheke.

Jumapili, 7 Julai

Bi Hawa kaniuliza tena. Jumapili nikishinda nyumbani ananiuliza, swali lile lile. Haulizi Athumani alikufaje. Hilo nilimweleza mara moja, hakulirudia. Vita vilikwisha. Tulikuwa Rangun tunangoja meli ya kuturudisha. Tukavuka barabara, lori la mchanga likarudi nyuma. Mie nilikuwa nimeshavuka.

Anachouliza ni hiki:

"Alikuwa ameshiba?"

"Alishiba, mama. Tulikuwa tumetoka kula saa hiyo hiyo."

"Mlikula nini?"

"Supu ya kambare na tambi za mchele."

Kanitazama kama nimemtukana. Athumani tangu mdogo hakuwa akila kambare. Hata sufuria iliyopikiwa kambare alikuwa haitaki. Kasema mie mtoto mwema, ndiyo maana namficha. Mwanawe alikufa na njaa na mie naona haya kumwambia.

Nimeapa. Nimeapa kwa Mungu, nimeapa kwa kaburi la mama yangu. Kainuka kwenda kuroweka mchele wa vitumbua.

Kumbe ndiyo maana hali chakula. Nimeelewa leo, baada ya miezi yote hii. Anaona hana haki ya kushiba.

Jumatatu, 8 Julai

Ni kweli alikuwa hamtaki kambare. Siku ya kwanza Rangun alishika pua.

Hatukuwa na kazi. Asubuhi tunaruhusiwa kutoka, tunazunguka mji mpaka jua kali. Athumani mbele, mie nyuma. Haulizi jina la chakula, ananyoosha kidole tu. Tulikula mung'unye uliokaangwa kama bajia za Zena. Wali wa kunata uliopikwa ndani ya mwanzi, unaumenya ule mwanzi kama muwa. Chai nzito ya maziwa, wanaimimina kwenye kisahani wanainywea humo. Kuna majani ya chai yaliyochachushwa, wanayala kama kachumbari, na karanga na vitunguu saumu vya kukaanga. Mie yalinishinda. Athumani akala yake na yangu.

Mama wa supu alikuwa anakuja na mti begani, chungu upande huu, bakuli upande huu. Anatua kwenye kona, tunachuchumaa mbele yake. Mohinga, ndivyo tulivyosikia wanaiita. Athumani alionja kwa kunidhihaki. Kesho yake akawa yeye ndiye ananiamsha. Yule mama akimwona anatia pilipili kabla hajaambiwa.

Mji ule ulikuwa umepigwa mabomu, nyumba nyingi hazina paa, watu wanauza chakula mbele ya vifusi. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo na naona aibu.

Jumanne, 9 Julai

"Nipikie," kasema asubuhi, anageuza vitumbua. Hakuinua kichwa. "Kama kweli alikula, nipikie nionje."

Maisha yangu sijapika zaidi ya ugali wa kambini. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 12 Julai

Mchaichai kwa Zena, anao kwenye ua. Tangawizi, manjano na unga wa dengu Kariakoo. Kambare nitachukua Mtoni Jumapili, awe mbichi. Yule mama alikuwa anatia moyo wa mgomba, ile nyama nyeupe ya ndani ya shina, kakata vipande vyembamba kama sahani za mtoto. Nimeutafuta huo mpaka Gongo la Mboto. Mwenye shamba kaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nimemwambia ni wa kula watu. Kanipa bure, kwa huruma.

Kulikuwa na kitu kingine kinanuka, samaki wa kuozeshwa na chumvi. Hapa hakuna. Nimechukua papa mkavu.

Mchele ndiyo taabu. Madukani wanagawa kidogo kidogo, watu wanapanga mstari tangu alfajiri na wa mwisho wanarudi na kapu tupu. Wa Bi Hawa unatoka kwa ndugu zake Rufiji, nao ni wa biashara. Nimenunua tambi za ngano.

Jumapili, 14 Julai

Vibaya. Maji ya njano yenye miiba. Tambi zimevurugika zikawa uji. Sikumpelekea. Nimemwaga nyuma ya choo, mbwa kanusa kaondoka.

Nimekaa jikoni, machozi yananitoka kwa moshi. Kama ni moshi.

Jumatano, 17 Julai

Mara ya pili. Samaki nimemchambua vizuri, miiba yote nimetoa. Nimempelekea Bi Hawa bakuli mbele ya Zena. Kaonja kijiko kimoja.

"Hii dawa," kasema. "Mwanangu alikuwa anaumwa?"

Zena kacheka. Kaona uso wangu, kaacha.

Bi Hawa hakucheka. Sasa ana hakika zaidi kuwa namdanganya. Nimefanya hali kuwa mbaya kuliko nilivyoikuta.

Alhamisi, 18 Julai

Siikumbuki ladha. Hilo ndilo. Nikifumba macho naona bakuli, naona mvuke, naona Athumani anatoka jasho puani kwa pilipili. Ladha haipo. Nilidhani nimerudi nayo.

Nimekwenda Kariakoo jioni kuitafuta. Nimeonja kila kitu kama mwehu. Bajia, kachori, supu ya kongoro, samaki wa kukaanga wenye ukwaju, uji wa pilipili manga. Tumbo limejaa na hakuna kitu. Kila muuzaji anaita, kila mtu anakula, taa za mafuta zinawaka, na mie katikati yao nilitaka kukaa chini niache kila kitu.

Halafu mzee wa njugu. Anazikaanga kwenye mchanga wa moto, na pembeni ana dengu anazikaanga vile vile. Harufu hiyo naijua. Ule unga wa Rangun ulikuwa umekaangwa kwanza. Yule mama alikuwa anautoa kwenye kopo, rangi ya udongo, si njano. Nimesimama pale mpaka mzee kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 20 Julai

Bi Hawa kaanguka.

Ilikuwa barabarani, watu wamemzunguka wanataka vitumbua. Kainama kugeuza, hakuinuka. Mkono umegusa mafuta. Nimeitwa ghalani, nimekimbia kutoka Keko mpaka Temeke bila kuaga. Nimemkuta kwenye mkeka, Zena kampaka ute wa mshubiri kwenye kidonda. Ngozi ya mkono imenyanyuka kama ganda la maziwa.

Nimembeba ndani. Nimewahi kubeba gunia tupu zito kuliko yeye.

Jumapili, 21 Julai

Hali chakula, haongei. Maji anakunywa. Zena kamkorogea uji mwepesi, kaugeuzia uso ukutani.

Mwezi unakwisha wiki ijayo.

Nataka ale. Nimejiuliza leo kwa nini, na jibu si zuri. Si kwa ajili yake tu. Akifa nami nitakuwa nimewazika wawili, na mara zote mbili nilikuwa karibu, mzima, nimeshiba.

Jumanne, 23 Julai

Nimemwambia habari ya dengu. Sikutarajia lolote, nilikuwa naongea tu, kimya kilinitisha. Nimemwambia unga unakaangwa mpaka rangi ya udongo, na tambi zile si za ngano, ni za mchele uliorowekwa na kusagwa.

Kafumbua macho.

"Mchele wa kuroweka? Kama wa vitumbua?"

"Kama wa vitumbua, mama. Wanaukamua kwenye tundu, unaangukia maji ya moto."

Kanigeukia. Halafu kauliza tundu hizo kubwa kiasi gani.

Jumatano, 24 Julai

Leo sikwenda kazini. Najua watanifukuza.

Bi Hawa kaagiza mchele wake wa Rufiji urowekwe, wote uliobaki kwenye kapu. Zena kasaga. Mie nimetoboa kopo kwa msumari, kanirudishia mara mbili, tundu kubwa mno, tundu haziko sawa. Anasema haya amelala, mkono umefungwa kitambaa. Kwenye supu hakusema kitu, hiyo kaniachia. Kambare nimemchemsha na mchaichai mpaka kaachia mifupa, nyama nimeiponda na tangawizi na manjano, nimekaanga, nimerudisha kwenye maji yake, moyo wa mgomba, papa, halafu ule unga. Ikaanza kuwa nzito. Nikainusa. Ni yenyewe.

Kukamua tambi Zena kashindwa, na mie nikashindwa. Zinakatika. Bi Hawa kainuka. Hatukumwita. Kaja kashikilia ukuta, kakaa kwenye mbuzi ya nazi, kaongeza maji kidogo kwenye unga, kachukua kopo kwa mkono mzima na kukamua kwa kuzungusha, polepole, kama anachora. Zikashuka nyuzi ndefu nyeupe. Hakuna iliyokatika.

Nimempa bakuli. Ndimu, pilipili nyingi, kama ya Athumani.

Kala. Kijiko cha kwanza kakunja uso. Cha pili kakisimamisha hewani. Halafu kaendelea, jasho linamtoka puani. Kamaliza. Kanyoosha bakuli.

Nimemwongeza. Kamaliza na la pili.

"Chakula kibaya," kasema. "Kinanuka. Lakini kinashibisha."

Kaweka bakuli chini, kaanza kulia. Tangu nimekuja hapa sijapata kumwona akilia. Kalia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka majirani wamekuja uani wakidhani kafa. Analia na kusema alikula kambare, mwanangu alikula kambare, nani alimfundisha. Zena kamshika kichwa. Mie nimetoka nje.

Ijumaa, 26 Julai

Anakula. Jana uji na kipande cha muhogo. Leo wali wa Zena, na bajia juu. Asubuhi nimesikia anagombana na mtu wa mkaa.

Kazi imekwenda, kama nilivyojua. Kuna mtu mwingine anapima magunia. Sijali. Nimekaa kizingitini nasikiliza anavyogombana. Nataka kesho nimletee kaimati.

Jumamosi, 27 Julai

Nimemletea kaimati. Kazila zote. Kalamba shira vidoleni. Halafu kanawa, kaniambia nikae.

"Yohana, umenifanyia ambalo mtoto wa tumbo langu angenifanyia. Mungu atakulipa. Sasa nenda kwenu."

Nimesema kwetu hapa.

"Kwenu Tabora."

Nimesema nimekosa nini. Kasema sijakosa. Kasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Kila jioni nasikia hatua mlangoni. Moyo unaruka. Halafu ni wewe. Kila siku ni wewe. Siwezi, mwanangu. Nilikuwa nakuuliza habari ya chakula ili nisikuulize kwa nini ulivuka wewe."

Siku hiyo nilikuwa mbele, basi. Athumani alisimama kufunga kamba ya kiatu.

Kanishika mkono muda mrefu. Mkono wake una joto sasa.

Nimekwenda kutembea. Mtoni, Keko, nikarudi. Nilidhani nitamkasirikia. Nimetafuta hasira njia nzima.

Jumatatu, 29 Julai

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga makopo barabara nzima. Zena kaja kuniambia Bi Hawa atafunga kesho, na kala kweli kweli leo, kama watu. Kaniuliza kama najua la kufanya Tabora. Nimesema kaka yangu ana shamba la karanga. Kasema, "Karanga nazo ni kitu." Halafu kaona haya, kanipa bajia kwenye karatasi.

Nimefunga mzigo. Hauna uzito wowote.

Jumatano, 31 Julai

Futari yangu ya mwisho kwao. Kaniita nikale mkekani pamoja nao, ingawa sikufunga. Tende, uji, mihogo ya nazi. Bi Hawa kakaa karibu na chungu, kanipakulia kwanza. Zena kazungumza kwa niaba yetu wote.

Baadaye kalivuta sanduku kutoka uvunguni, kalifungua mbele yangu. Kakunjua shati la Athumani, kalinusa, kalikunja tena. Hakunipa kitu na sikutaka kitu. Nimeshukuru kwamba kalifungua nikiwepo.

Ijumaa, 2 Agosti

Ndani ya treni. Tumesimama Pugu muda mrefu, sijui kwa nini. Baridi kidogo, ukungu juu ya msitu. Wanawake wanapita madirishani na mahindi ya kuchemsha kwenye masinia. Nimenunua moja. Halina chumvi. Nimelila lote, punje kwa punje, hakukuwa na la kufanya lingine.

Mzee mmoja kakaa mbele yangu na kuku ndani ya tenga. Shikamoo, marahaba. Kaniuliza natoka vitani. Nimesema zamani kidogo. Kanikatia kipande cha muwa. Kaniuliza kwetu wapi.

Nimesema Temeke. Halafu nikasema hapana, Tabora.

Kaitikia kwa kichwa. Hakuona tofauti. Treni imeondoka.